Kofia Itakayochemshwa

Kiganjo, Thika
Jumapili, jua likielekea kuzama

Mwanangu Wambui,

Sanduku lako limeshafungwa kwa kamba, na baba yako yuko nje anaosha vioo vya lori kana kwamba kesho anambeba bibi arusi mwingine. Nimemwambia vilishang'aa tangu alipovipitia mara ya pili. Amenijibu, "Maitu hawezi kusafiri ndani ya vumbi." Unajua anavyopenda kukuita mama yake kwa sababu ulipewa jina la Cucu, nyanya yako. Basi mimi niliyeingia boma hili juzi tu na gauni jeupe nilijikuta nina mama wakwe wawili wenye jina moja. Mmoja amebaki na meno machache, mwingine hajamaliza shule, na kwa ukaidi hakuna anayemshinda mwenzake.

Sitakuandikia habari za sweta, wala vidonge, wala kulala dirisha likiwa wazi. Hayo Sista wa wodi atakuambia mpaka uyaote. Nataka kukuandikia juu ya mikono yako. Naandika kwa Kiswahili ili macho yako yakichoka, mwenzako wa kitanda cha pili, awe ametoka Kitui au Kisumu, aweze kukusomea. Mimi nilisomewa hivyo, katika hospitali hiyo hiyo ya kifua unayokwenda kesho.

Tangu siku ile ya koleo hujashika sindano. Nataka tuitaje siku hiyo kwa jina, maana hapa nyumbani tunaizunguka kama watu wanaozunguka shimo. Ulikuwa umeketi kizingitini unamfumia kofia mtoto huyu nimbebaye, kofia ya uzi wa sweta wa rangi ya njano, na ilibaki kidogo tu iishe. Jana yake daktari alikuwa ametuambia kwamba kikohozi chako ni kifua kikuu. Cucu akatoka jikoni na koleo la makaa, akaibana kofia kwa ncha, sindano zikining'inia, akaitia motoni.

"Nguo za mtoto asiguse," alisema. Aliniambia mimi, kana kwamba hukuwepo.

Hukulia. Moto ulipopoa ulichokoa majivu, ukaziokoa zile sindano zako mbili za spoku za baiskeli, ukazifuta kwa kanga, ukaziweka juu ya kabati. Nilipokuletea uzi mwingine kesho yake, ulinitazama kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kelele.

"Usijisumbue, Mwalimu. Vitu vyangu ni vya kuchomwa."

Wambui, mimi nina furaha siku hizi mpaka naona haya. Asubuhi nikisikia baba yako akipiga mluzi huku ananyoa ndevu, nataka kutoka nje niwaambie kuku. Nikipita karibu na maporomoko ya Chania nasikia maji yakilitaja jina lake, na najua ni upuuzi, lakini niache nisikie. Mtu mwenye furaha ya namna hii ana hatari moja: anaweza kupita kando ya huzuni ya mwenzake akiimba. Sitaki kupita kando ya hiyo yako. Nimeamua kukaa chini hapa, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii ndefu. Mtoto huyu atavaa kofia uliyoifuma wewe. Hatavaa nyingine. Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo kwa uhakika, na utaifanyaje mpaka hata moto wa Cucu ukose kazi.

Nilipougua nilikuwa nimetoka tu shule ya sekondari, na nimeanza kufundisha watoto wadogo kule Ruiru. Nilikuwa msomi mwenye haraka. Nilifika hospitalini nikidhani kupona ni mtihani, na anayesoma kwa bidii atamaliza kabla ya wenzake. Kila siku sindano, vidonge, uji, kulala. Kulala! Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwomba Sista kitambaa na nyuzi za rangi, nikaanza kumtarizia mama yangu kitambaa cha meza, chenye mawaridi pembe zote nne, meza ya watu sita.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kikamba, Mama Mutua, mwembamba kama ufito na mdomo wake haukuwa na likizo. Alinitazama nikihangaika na lile shuka.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ni nguo ya meza, ama ni hema la mkutano wa injili?"

Wodi nzima ilicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na shughuli. Ili kulitandaza ilinibidi niketi wima, niinue mikono, nijikunje, nivute. Alasiri moja nikalikoholea waridi moja damu, likawa jekundu kuliko nilivyokusudia. Sista alikichukua kitambaa, akaniondolea na mto, na nikalazwa chali kama ubao hata mwezi mpya ukaandama. Ule mwendo niliokuwa nimekwisha kwenda, niliuanza upya.

Siku niliporuhusiwa tena kushika kitu, Mama Mutua alinirushia kipande cha mfuko wa unga kisichozidi kiganja. "Kazi ya mtu aliyelala isizidi kifua chake," akasema. "Ikizidi, itakukalia."

Hilo nakuachia kama lilivyo, maana sijapata kulisema vizuri zaidi yake. Na si upana peke yake. Kazi iwe ile unayoweza kuimaliza nguvu zikiwa bado zipo, ili ulale ukiwa umemaliza kitu. Usilale ukidaiwa na kitu.

Kwa hiyo nilianza na vifuniko vya vikombe. Unaweka sahani ndogo juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, unaizungushia penseli, unakata, unapinda ukingo, halafu unashona shanga kuzunguka, moja hapa, moja pale, ili uzito wake ukishike kifuniko na nzi wasiingie maziwani. Kilipoisha cha kwanza nilimpa Sista. Alikiweka juu ya jagi lake, akaenda na shughuli zake. Nilikitazama kile kifuniko kutwa nzima, Wambui, shanga zikigonga jagi kila alipopita, tiki, tiki. Tangu niugue ilikuwa mara ya kwanza mtu kupokea kitu kutoka kwangu. Wote walikuwa wananipa tu: dawa, uji, maombi. Kupewa mfululizo kunachosha kuliko homa. Wewe unalijua hilo sasa, ingawa hujalisema.

Baada ya hapo sikukamatika. Vishikio vya sufuria, vya viraka vitatu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine na kushonwa msalaba. Leso. Alamisho za Biblia za katani iliyosukwa mikia mitatu. Na hapa katani inapoingia, anaingia baba yako, kwa hiyo nipe nafasi nipumue.

Alikuwa dereva wa shamba la mkonge, kama alivyo mpaka leo, na lori lake lilipita barabara ya hospitali. Sista alikuwa amewaomba watu wa shamba zile nyuzi fupi ambazo kiwanda huzitupa, wagonjwa wapate kitu cha kusokota. Wanaume hawakuruhusiwa wodini kwetu, basi alikuwa anasimama nje na kupitisha fungu la katani dirishani. Mara ya kwanza sikuona uso. Niliona mikono miwili yenye mafuta ya gari imebeba kitu cheupe kama ndevu za malaika, na sauti ikasema, "Habari za humu ndani? Nimewaletea nywele za mzungu." Wagonjwa walicheka mpaka wakakohoa. Mimi moyo wangu ulifanya jambo ambalo Sista hakuliandika kwenye chati.

Nilitaka sana kumfumia mama yangu kiondo. Yeye alikuwa kwetu Gatongora, karibu na Ruiru, na ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari na vibali vya kusafiria, mtu hatoki kijijini kwake ovyo, kwa hiyo hakuweza kuja kuniona. Nikazisokota nyuzi chini ya blanketi, juu ya paja, kama alivyonifundisha nikiwa msichana. Nilianza kwenye kitako, kidogo kidogo, kiondo cha kuenea kifuani pangu na si zaidi. Hapo nilikuwa nimejifunza. Lakini msomi hajifunzi mara moja yakaisha! Nilimtuma mpishi dukani kwa Mhindi aniletee unga wa rangi, zambarau na kijani. Nikatia rangi nyuzi, nikafuma mistari. Mdomo nikauzungushia ngozi laini. Kiondo kilikuwa kizuri hata Mama Mutua akanyamaza, na hilo halikuwa jambo dogo.

"Unamfumia mama yako cha kuwekea nini?" akaniuliza mwishowe.

"Cha kunikumbukia."

"Aa. Kukumbuka hakuhitaji kiondo. Viazi ndivyo vinahitaji."

Nilikasirika, nikageukia ukutani. Alikuwa ameshika mahali penyewe. Kweli nilikuwa nikimuaga mama yangu, mstari kwa mstari, zambarau na kijani, bila kumwambia mtu yeyote. Mama Mutua mwenyewe wakati huo alikuwa akishona kaptura ya shule ya mwanawe. Alikuwa ameikata kubwa mno. Nilipomwambia, alisema mtoto ataikuta mbele, na yeye mwenyewe ndiye atakayemfunga vifungo. Alitoka kabla yangu, kaptura kwapani.

Sasa sikia kilichokipata kiondo changu. Kila kitu kilichotoka katika wodi ile kilichemshwa kwanza, nyuma ya jiko, ndani ya debe kubwa. Ndiyo kanuni, na utaikuta bado. Nilikuwa naijua. Vifuniko vyangu, leso zangu, vyote vilipita humo vikatoka vyeupe. Lakini juu ya kiondo sikufikiri kabisa. Nilikiona kizuri mno kiasi cha kusahau kwamba maji ya moto hayachagui. Kilirudishwa mikononi mwangu kikiwa rangi moja tu, ya matope ya mto Chania wakati wa mvua. Ngozi ilikuwa imejikunja, na mdomo umesinyaa kama wa mtu aliyeuma limau.

Nililia kilio cha kitoto. Baba yako alifika siku hiyo hiyo kuchukua mizigo ya Ruiru. Nikakipitisha dirishani huku nimegeuza uso.

"Kitupe njiani," nikamwambia. "Mtoni, shimoni, popote."

"Sawa," akasema.

Mwanangu, jihadhari na mwanamume anayekujibu "sawa" kwa sauti ile.

Nilipona. Nilirudi Gatongora kwa mama, nikarudi darasani. Siku moja lori likasimama mbele ya nyumba yetu, akashuka mtu mrefu amenyoa vizuri, amevaa shati jeupe, na mkononi ana kiondo cha rangi ya matope. Ndani ya kiondo kuna spana.

"Nilikosa mahali pa kukitupa," akaniambia. "Kila shimo niliona halikifai. Halafu mdomo wake mdogo huu, lori likiruka, hata spana moja haimwagiki. Nimekuja kuuliza kama una kingine cha kutupa."

Mama yangu alitokea nyuma yangu. "Haiya! Huyu mtu analeta takataka nyumbani kwa watu, ama ni posa?"

"Mama," akasema baba yako, na akavua kofia, "naomba vyote viwili uvihesabu kuwa kimoja."

Nikuambie tena kwamba maneno yake yaliyofuata hapo yalikuwa juu yako? Alisema, "Nina maitu nyumbani. Mke wangu alifariki, na yule mtoto amejifunza kushona peke yake kwa kutazama nguo za mama yake zilivyoshonwa. Nataka umwone." Nilikupenda kabla sijakuona, kupitia pindo ulizozifumua ili ujue zilivyopindwa. Hujaniita mama, na sikudai. Mwalimu ni jina zuri. Lakini nilikuja nyumba hii kwa ajili yenu wawili, na nilivaa gauni lile kwa ajili yenu wawili.

Nirudi kwenye kofia, kabla baba yako hajamaliza vioo akaanza magurudumu.

Ile ya njano, Wambui, hata kama Cucu asingeichoma, isingefika. Ilikuwa ya uzi wa sweta, na uzi wa sweta hutoka mgongoni mwa kondoo. Ukiuchemsha hujikunyata hadi kofia ya mtoto ikawa kofia ya yai. Ningejua nisingekupa uzi ule. Safari hii utafuma kwa pamba. Ndani ya kiondo kile kile cha matope, ambacho baba yako ameondoa spana zake na kukisugua kwa sabuni mara mbili, utakuta donge la uzi mweupe. Ni ule uzi unaoshona midomo ya mifuko ya unga. Tangu harusi naufumua, naufunga kipande kwa kipande, na majirani wameniona na wamesema mke wa dereva ana ubahili wa ajabu. Waache.

Uzi huo nimeuchemsha tayari. Hilo ndilo lililonigharimu machozi na rangi mbili za duka: chemsha uzi kabla ya kufuma, wala usingoje baada. Kitakachosinyaa kisinyae kikiwa bado uzi. Kitakachochuja kichuje kabla hujakipenda. Kisha kila utakachotengeneza kitaingia kwenye debe lile na kutoka kama kilivyoingia, na hakuna mtu duniani atakayekuwa na haki ya kukishika kwa koleo.

Kuna na kitambaa cha mfuko wa unga, maandishi yametoka, nimekianika juani siku nyingi. Kuna shanga. Kuna sindano ya mkono na zile spoku zako mbili. Nilizishusha juu ya kabati na kuzisugua kwa majivu. Nasema haya ili ukizikuta usidhani zimejitembeza.

Anza na kifuniko kimoja. Mpe Sista. Usimwambie kitu, mpe tu, halafu usikilize shanga. Ukiwa na nguvu zaidi, fuma kofia. Usiifanye ya mtindo. Anzisha vitanzi vya kuzunguka kichwa, fuma kipande kilichonyooka kama skafu fupi, ukunjie ukingo, ushone ubavu mmoja, halafu juu upitishe uzi na kuuvuta kama mdomo wa mfuko. Mistari michache kwa siku, ukiwa umelala, viwiko juu ya kitanda. Siku usiyoweza, usiweze. Itakungoja.

Kuna wagonjwa utawakuta wanatengeneza vitu vya kuaga. Utawajua. Vitu vyao huwa vizuri mno, na hawavijaribu kwa mtu yeyote. Nilikuwa mmoja wao na sitawacheka. Lakini wewe nakupa kitu cha kutengeneza ambacho hakina maana mpaka uje. Mtoto atakuja kabla ya wewe kutoka, hilo tunalijua. Kofia itatangulia kwenye lori la baba yako, na wewe utafuata. Kwa hiyo ukimaliza ya kwanza, anza ya pili iliyo kubwa zaidi, kwa maana kichwa hicho kitakuwa kinakua. Na ile ya pili uibebe mwenyewe. Wapo wanaotoroka hospitali wakijisikia nafuu kidogo, hupita dirishani hata sanduku wakaliacha. Ukijisikia hivyo, tazama kofia. Kama haijaisha, nawe hujaisha.

Kulikuwa na jambo moja limebaki, nalo ni Cucu.

Leo baada ya kanisa, wewe ulipokwenda kuwaaga wasichana wenzako, nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia kila kitu, debe, pamba, kanuni za hospitali. Sikumaliza.

"Wee bibi arusi," akasema, "vitabu vyako vilikuwa wapi nilipomzika kaka yake mume wako? Alikohoa kutoka mavuno mpaka mavuno. Nililala naye blanketi moja, na mdogo wake akalala katikati yetu. Halafu nikazika na yule mdogo. Hakuna aliyeniambia chemsha. Hakuna aliyeniambia choma. Sasa nimejiambia mwenyewe."

Sikuwa najua, Wambui. Wala baba yako hajanieleza. Yeye ndiye aliyebaki. Nilikaa chini kwenye kigoda, na kwa muda mrefu tukachambua maharagwe wote wawili. Nilielewa kwamba lile koleo halikuwa limekushika wewe. Lilikuwa limechelewa kwa miaka mingi, likashika kilichokuwa karibu. Nakuandikia hili si ili umsamehe haraka. Nakuandikia ili ujue lilikotoka.

Lakini sikulegea. Niliposimama nilimwambia, "Mama, nimekusikia. Mtoto wangu hatavaa kofia nyingine. Ikiwa ya Wambui haitakuja, atakuwa kichwa wazi. Kwenye baridi ya Julai, kichwa wazi. Kanisani siku ya kubatizwa, kichwa wazi, na wakiniuliza nitasema ni kwa nini."

"Ukaidi huo uliufundishwa shuleni?"

"Hapana, Mama. Nimeukuta katika boma hili."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nilirudi nyumbani, nikachukua kalamu, nikaanza barua hii. Nilipofika pale kwenye kueleza vitanzi vya kuzunguka kichwa nilikwama, maana mimi sijazaa, na kichwa cha mtoto mchanga sijui ni kikubwa kiasi gani. Nilitaka kukuambia utumie chungwa. Ndiyo maana sikukuandikia idadi ya vitanzi. Nilikuwa naona haya.

Basi sasa hivi, hata wino wa ukurasa uliopita haujakauka, mlango umesukumwa bila hodi. Cucu. Hakuketi. Ametazama kiondo hapa mezani, akakifungua ule mdomo wake wa limau kwa vidole viwili, akachungulia uzi, shanga, spoku. Amelishika lile donge la uzi. Amelinusa.

"Umeuchemsha?"

"Nimeuchemsha, Mama."

"Utauchemsha tena kofia ikija."

"Nitaichemsha tena."

"Mbele yangu."

"Mbele yako."

Ndipo akatoa kibuyu kidogo chini ya shuka lake. Si cha uji wala cha asali, ni kile cha mviringo kilichokuwa kimening'inia nyuma ya mlango wake, ambacho wewe ulikatazwa kukichezea ulipokuwa mdogo. Amekigeuza mikononi, akakipima kwa kiganja kama mtu anayepapasa kichwa, na akakitia ndani ya kiondo, katikati ya uzi, polepole.

"Watoto wangu wote walitoka na kichwa hivi," amesema. "Mwambie afumie hapo juu. Ile ya kwanza ilikuwa ndogo."

Ameondoka. Namwona kupitia dirishani, amesimama karibu na lori, anamwonyesha mwanawe mahali kwenye kioo palipobaki na vumbi.

Nimekifunga kiondo. Kesho kitakuwa mapajani pako njia nzima. Kishike vizuri, barabara ina mashimo, lakini mdomo wake haumwagi.

Ndimi wako, Nyambura, mama au Mwalimu, lolote litakalokujia kwanza.